Unataka Kuongeza Chumba? Mwongozo Kamili wa Bomba la Maji Taka Mnalotumia na Majirani

Nyumba nyingi za Dar es Salaam hukua kwa vipande. Mtu anaanza na nyumba kubwa, baadaye anaweka banda la uani la wapangaji, halafu fremu mbili za biashara mbele, kisha chumba cha kijana aliyeoa. Kila kipande kinakula sehemu ya kiwanja iliyokuwa wazi, na mara nyingi chini ya sehemu hiyo ndiko yalikopitishwa mabomba ya maji taka. Bomba likiwa lako peke yako, ukikosea utaumia wewe. Likiwa la pamoja, siku msingi wako utakapolibana, choo kitakachofurika kwanza ni cha jirani aliye upande wa juu wa mteremko, tena katikati ya masika.

Msimamo wangu katika mwongozo huu ni mmoja: bomba la pamoja lihamishwe au lilindwe kabla msingi haujachimbwa. Mafundi wengi watakwambia "tutaliona tukifika". Usikubali. Mkifika mtakuwa mmeshanunua nondo na saruji, shimo liko wazi, vibarua wanasubiri malipo, na uamuzi utafanywa kwa haraka ndani ya jioni moja.

Kwanza, jua bomba lako ni la aina gani

Kuna hali tatu, na kila moja ina mwenye sauti wake.

Ya kwanza ni nyumba iliyounganishwa na mtandao wa maji taka wa mamlaka. Kwa Dar es Salaam mtandao huo uko chini ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, na unahudumia sehemu tu ya jiji, hasa katikati ya mji, Upanga, Kariakoo na baadhi ya maeneo mengine. Bomba kuu la mamlaka likipita kwenye kiwanja chako, huna ruhusa ya kuligusa wala kulijengea juu kwa makubaliano ya majirani peke yao. Mwenye kauli ni mamlaka.

Ya pili ni bomba la binafsi linalopita nyuma ya nyumba kadhaa kabla ya kufika kwenye bomba kuu au kwenye karo, yaani shimo lililojengewa la kukusanyia maji taka. Hili hupatikana sana kwenye safu za nyumba zilizojengwa kwa pamoja na mwajiri au shirika, kisha zikauzwa moja moja. Aliyejenga hakuwaza mipaka, kwa sababu zamani mwenye nyumba zote alikuwa mmoja.

Ya tatu ndiyo inayoleta ugomvi mwingi zaidi: karo moja, au septiki kama mafundi wanavyoita, linalotumiwa na nyumba mbili au tatu. Chanzo chake kwa kawaida ni urithi. Baba alikuwa na kiwanja kimoja na karo moja, watoto wakagawana, mmoja akauza sehemu yake kwa mtu wa nje. Ukuta wa mpaka ukajengwa, lakini chini ya ardhi hakuna aliyegawa kitu. Mnunuzi anakuja kugundua baadaye sana kwamba choo chake kinamwaga kwa jirani, au cha jirani kinamwaga kwake.

Lifuatilie bomba lote, usikisie

Fungua kila chemba unayoiona, yaani kishimo chenye mfuniko cha kukagulia bomba, yako na za majirani, kwa ruhusa yao. Chemba zikiwa zimefukiwa, tafuta dalili: sehemu yenye majani mabichi wakati wa kiangazi, sakafu iliyobonyea, au mfuniko wa zege uliofunikwa na mchanga. Ukiwa na kipande cha nondo chenye ncha butu, gongagonga ardhi taratibu. Zege hujibu kwa sauti tofauti na udongo. Usichomeke kwa nguvu, bomba la PVC linatoboka kirahisi.

Kisha fanya jaribio la rangi. Changanya rangi ya chakula kwenye ndoo ya maji, mwaga kwenye choo cha nyumba moja, na mtu mwingine akae kwenye chemba inayofuata akiangalia. Rudia kwa kila choo, bafu na sinki la jikoni, ukibadilisha rangi. Kazi hii ni rahisi kuliko zote katika ujenzi mzima, na ndiyo itakayoonyesha kama bafu la mpangaji wa jirani linaingia kwenye mstari wako bila mtu kujua. Chemba zikiwa mbali sana au mstari ukipotea, tafuta fundi mwenye kamera ya bomba. Anaingiza waya wenye kamera na kukuonyesha kona, nyufa na mizizi.

Unapofungua chemba, chora. Si lazima uwe mchoraji. Karatasi moja inatosha, mradi iwe na mambo haya:

- mipaka ya viwanja na mahali bikoni zilipo;
- kila chemba, na umbali wake kutoka pembe mbili za nyumba, ili hata ikifukiwa ipatikane tena;
- kina cha kila chemba, kuanzia juu ya mfuniko hadi sakafu ya ndani ya bomba pale maji yanapopita;
- ukubwa na aina ya bomba: inchi nne au inchi sita, PVC au la zamani la udongo wa kuchoma au zege;
- nyumba zipi zinaingilia wapi.

Kina ndicho wengi wanachosahau, na bila hicho hutaweza kuamua lolote. Tumia mpira wa maji, ule mwembamba unaopitisha mwanga, kuhamisha usawa mmoja kutoka chemba hadi chemba, kisha pima kwenda chini kutoka kwenye usawa huo. Ukipima kutoka juu ya ardhi peke yake utadanganyika, kwa sababu uwanja wenyewe una mteremko.

Jambo moja lisilo na mzaha: mtu yeyote asiingie ndani ya karo au chemba yenye kina kirefu, hata kwa dakika moja, hata kama kuna ufunguo ulioangukia humo. Hewa ya humo huwa na haidrojeni salfaidi na methani. Haidrojeni salfaidi ikiwa nyingi huua pua isihisi harufu, kisha mtu huzimia, na anayeingia kumwokoa huanguka juu yake. Pima ukiwa nje kwa fimbo au futi ya kamba.

Piga hesabu ya mteremko na ya uwezo

Maji taka hayasukumwi na kitu zaidi ya mteremko. Kwa bomba la inchi nne, lenga kushuka sentimita moja kwa kila sentimita 40 za urefu, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita. Kwa hiyo bomba la mita 18 linahitaji kushuka sentimita 45. Hapo ndipo utaona kama wazo la kulizungusha bomba pembeni ya chumba kipya linawezekana. Ukilizungusha, mita 18 zinaweza kuwa 26, na zitahitaji kushuka sentimita 65. Kama tofauti ya kina kati ya chemba ya mwanzo na ya mwisho ni sentimita 45 tu, hesabu imekataa. Utatafuta njia fupi zaidi, au bomba la inchi sita ambalo linavumilia mteremko mdogo kidogo, au mpango mwingine wa chumba.

Uwezo wa karo ni suala la pili. Unapoongeza vyumba unaongeza watu. Kanuni moja ya kihandisi iliyotumika miaka mingi husema: zidisha idadi ya watumiaji kwa lita 180, kisha ongeza lita 2,000. Familia mbili zenye jumla ya watu 10 zinahitaji karo la lita 3,800. Ukileta wapangaji sita, inakuwa lita 4,880. Kupima lililopo ni kuzidisha urefu kwa upana kwa kina cha maji, vyote kwa mita, kisha mara 1,000. Karo la mita 2 kwa 1 lenye maji ya kina cha mita 1.5 ni lita 3,000 tu. Kama hesabu inaonyesha karo lilishazidiwa kabla hujaanza, usemi wa "ni vyumba viwili tu" haufai tena, na jirani ana haki ya kulalamika.

Angalia pia maji ya mvua. Paa la mita za mraba 60 likipigwa na mvua ya milimita 50 kwa saa linamwaga lita 3,000 ndani ya saa hiyo. Ukielekeza bomba la paa la chumba kipya kwenye chemba ya maji taka, umelijaza karo la watu wote kwa mvua moja. Maji ya paa yaende kwenye simtanki, kwenye shimo lake la kufyonza, au kwenye mtaro wa mvua. Hili halina mjadala. Kila masika tunaona vyoo vikitapishwa mitaani, na mlipuko wa kipindupindu ulioanza Kinondoni Agosti 2015 ulitufundisha gharama ya maji taka yanayotembea juu ya ardhi.

Zungumza na majirani kabla ya kumwita mchoraji

Nenda wewe mwenyewe, usitume fundi. Nenda na karatasi yako, na uanze na aliye upande wa juu wa mteremko, maana ndiye mwenye hofu kubwa. Maneno ya kawaida yanatosha: "Mzee, nina mpango wa kuongeza vyumba viwili upande wa uani. Bomba letu linapita pale pale. Nimekuja tuangalie wote litapita wapi kabla sijagusa kitu." Mtu aliyeonyeshwa mchoro mapema hujadili bomba. Aliyeshtukia shimo limechimbwa hujadili heshima, na hapo mazungumzo huwa marefu.

Hakikisha unazungumza na mwenye nyumba. Mpangaji anaweza kukubali kwa moyo mweupe, lakini kauli yake haimfungi mwenye mali. Nyumba ikiwa ya mirathi, mtafute msimamizi wa mirathi, na warithi waliopo wajue. Kama mmoja anaishi mbali, picha za simu na mchoro vitamfikia. Subiri jibu lake la maandishi.

Kuhusu nani alipe, mimi naona hivi. Anayejenga ndiye anayelipa gharama yote ya kuhamisha bomba, kwa kuwa faida ni yake. Kama bomba lilikuwa bovu tayari na linahitaji kubadilishwa hata bila ujenzi, basi sehemu ile mbovu ilipwe na wote. Kuzibua na kuita gari la kunyonya baada ya hapo kugawanywe kwa idadi ya watumiaji wa kila nyumba. Kugawa kwa nyumba hakumtendei haki mjane anayeishi peke yake karibu na banda la vyumba nane.

Mkikubaliana, andikeni. Hati iseme bomba linapita wapi kwa vipimo, nani ana haki ya kuingia kwa nani kulikagua na kwa taarifa ya muda gani, nani analipia nini, na kwamba hakuna atakayejenga juu ya chemba. Iambatanishwe na mchoro. Kila mwenye kiwanja asaini mbele ya mashahidi, na nakala iende ofisi ya serikali ya mtaa. Mhuri wa mwenyekiti wa mtaa hauthibitishi umiliki, lakini unathibitisha kwamba makubaliano yalikuwepo siku ile. Kama viwanja vina hati, muulize mwanasheria kuhusu kusajili haki ya kupitisha bomba katika ardhi ya mwingine. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaitambua haki ya namna hiyo. Iliyosajiliwa ina nguvu zaidi jirani anapouza.

Jirani akikataa kabisa, usichimbe usiku. Anza na serikali ya mtaa, kisha usuluhishi wa Baraza la Kata. Likishindikana lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mara nyingi, hata hivyo, kukataa kunatokana na jambo dogo: anaogopa ukuta wake, au ana kumbukumbu ya deni la gari la kunyonya ambalo hukulipa. Muulize.

Chagua njia

Zipo njia tatu, na nazipanga kwa ubora.

Bora kabisa ni kubadilisha umbo la chumba. Ukikisogeza mita moja na nusu, bomba linabaki nje, chemba zinafunguka, na hakuna aliyesumbuliwa. Watu huikataa njia hii kwa sababu chumba kinakuwa kidogo, lakini waulize waliowahi kuvunja vigae vya sebule kutafuta bomba.

Inayofuata ni kulihamisha bomba lizunguke chumba kipya, kama hesabu ya mteremko inaruhusu. Weka chemba kila linapobadilisha mwelekeo na kila nyumba inapoingilia. Epuka kona kali ya nyuzi 90. Kona mbili za nyuzi 45 hupitisha uchafu vizuri na kuruhusu fito za kuzibulia kupita.

Ya mwisho ni kupitisha bomba chini ya chumba. Ifanye pale tu njia mbili za kwanza zimeshindikana, na kwa masharti haya. Bomba liwe jipya na linyooke, bila kona na bila maungio ya pembeni chini ya sakafu. Chemba mbili ziwe nje ya kuta, moja kila upande, ili lizibuliwe bila kuingia ndani. Lizungushiwe kokoto ndogo sentimita 10 kila upande. Likiwa karibu sana na jamvi, yaani sakafu ya zege ya chumba, chini ya sentimita 30, lifunikwe kwa zege lililounganishwa na jamvi lenyewe. Pale linapovuka ukuta wa msingi, acha tundu lenye nafasi ya sentimita 5 kulizunguka na weka linta, boriti fupi ya kubeba ukuta, juu yake, kwa sababu nyumba ikitulia kidogo bila nafasi hiyo, uzito wote unakaa juu ya bomba. Nafasi hiyo izibwe kwa kitu laini kinachozuia panya na mchanga.

Msingi unaokwenda sambamba na bomba nao una kanuni yake. Kitako cha msingi kisiwe juu ya kitako cha mtaro wa bomba kama vyote viko karibu. Fikiria mstari wa nyuzi 45 ukishuka kutoka ukingo wa chini wa msingi: bomba likiwa ndani ya mstari huo, uzito wa ukuta unalifikia. Chimba msingi zaidi, au jaza zege kwenye mtaro wa bomba hadi usawa wa kitako cha msingi. Kwa ghorofa au udongo wa mfinyanzi, hapa ndipo pesa ya mhandisi inapolipa.

Karo lenyewe lisijengewe chumba juu. Hata likiwa na mfuniko mzito, hewa yake hutafuta nyufa, na gari la kunyonya litapitishia mpira wapi? Chemba ndani ya chumba pia usiikubali, hata iwe chini ya kitanda.

Vibali

Mchoro wa nyumba unaopelekwa halmashauri kwa kibali cha ujenzi uonyeshe mstari wa maji taka uliopo na mpya, pamoja na chemba. Wachoraji wengi huchora karo la kubuni pembeni ya kiwanja ili mchoro upite. Mpe mchoraji vipimo vyako halisi. Kama umeunganishwa na mtandao, nenda pia kwenye ofisi ya mamlaka ya maji ya eneo lako na mchoro huo mkononi, uombe waje wakague kabla hujamaliza mpango, na jibu lao liwe la maandishi.

Siku za kazi

Fanya kazi hii kiangazi, Juni hadi Septemba, ardhi ikiwa kavu na maji ya chini yameshuka. Maeneo kama Mikocheni, ambako maji yako karibu na uso wa ardhi, mtaro uliochimbwa wakati wa masika hujaa na kubomoka.

Mpangilio ni huu. Jenga mstari mpya wote kwanza, pamoja na chemba zake, huku wa zamani ukiendelea kutumika. Chimba ukianzia upande wa chini kwenda juu, na pima mteremko kila bomba linapolazwa kwa pima maji yenye kipande cha mbao kilichokatwa kulingana na mteremko wako. Kabla ya kufukia, ujaribu: ziba upande wa chini, jaza maji, acha yatulie, weka alama kwenye chemba ya juu na subiri nusu saa. Alama ikishuka, kuna ungio linalovuja, litafute sasa hivi. Piga picha za mtaro ukiwa wazi, futi ikiwa imelazwa ionekane.

Siku ya kuhamisha maji kutoka mstari wa zamani kwenda mpya, wajulishe watu wote siku mbili kabla, na uwaambie saa. Kazi ianze asubuhi baada ya watu kuoga na kwenda kazini. Karo liwe limenyonywa jana yake. Mafundi wavae glavu na mabuti marefu, na watoto wakae mbali na shimo. Panga choo cha kuazima kwa wagonjwa na wazee. Ni jambo dogo ambalo majirani hawalisahau.

Bomba la zamani lisiachwe tupu chini ya chumba kipya. Ling'oe, au lizibe ncha zote na ulijaze zege nyepesi. Likiachwa linakuwa njia ya panya, na siku likivunjika sakafu inabonyea. Karo la zamani linaloachwa linyonywe, litobolewe sakafu, lijazwe moramu kwa tabaka na kushindiliwa. Msingi usikae juu yake bila mhandisi kuona.

Baada ya hapo ndipo msingi wa chumba uchimbwe.

Baada ya ujenzi

Rekebisha mchoro wako uonyeshe kilichojengwa kweli, kwa kuwa siku ya kazi lazima kitu kilibadilika. Mpe kila jirani nakala, na yako ihifadhiwe pamoja na hati ya kiwanja. Ukiuza, mnunuzi apewe mchoro na makubaliano kabla ya kulipa. Mifuniko ya chemba ibaki inaonekana. Usiiwekee vigae, usiipandie maua, usiegeshe bajaji juu yake.

Kila mwaka mwishoni mwa Februari, kabla ya masika, fungueni chemba zote kwa pamoja, mwageni maji na muangalie yanapita kwa kasi gani. Chemba yenye maji yaliyosimama ina kizuizi upande wake wa chini, na kukiondoa wakati ardhi bado ni kavu ni kazi ya asubuhi moja.